Naimba sauti ya pili kwaya, sasa nataka kwenda usaili wa igizo la muziki

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, naishi Kimara na mama na wadogo zangu wawili. Mchana nauza kwenye duka la steshenari, natoa fotokopi na kuwachapia watu barua. Jioni niko kwaya. Nimeanza kwaya nikiwa shule ya msingi na miaka yote hiyo naimba sauti ya pili.

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia tangazo kwenye simu. Kuna kundi linatafuta waigizaji wa igizo la muziki, yaani mchezo wa jukwaani ambao wahusika wanaongea, wanaimba na wanacheza. Usaili ni Jumamosi, wiki tatu kutoka leo, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mmoja Oyster Bay. Wanataka kila mtu aje na wimbo usiozidi dakika moja, maneno ya mhusika ya dakika moja, nguo na viatu vya kuchezea, na nota kwa ajili ya mpiga kinanda. Nilijaza fomu na wamenipa namba.

Shangazi, tangu nijaze hiyo fomu silali vizuri. Nilichagua wimbo wa Kiingereza wa mwimbaji mmoja mkubwa wa Marekani, ule ambao kwenye mashindano ya televisheni hakosi mtu wa kuuimba. Una noti moja ya juu sana. Siku nyingine naipata, siku nyingine sauti inakatika. Rafiki yangu anasema bila noti ile majaji hawatanikumbuka. Mwalimu wangu wa kwaya, ambaye nilimwambia kwa siri, anasema niimbe wimbo wa kwaya ninaoujua. Dada ninayefanya naye kazi dukani anasema Bongo Fleva ndiyo watu wanaipenda. Sijui nimsikilize nani.

Nota nazo ni tatizo. Nasoma do re mi za kwaya, zile za mistari mitano sizijui kabisa. Kucheza nacheza, ila stepu za kwaya tunajifunza mwezi mzima, na nasikia kwenye usaili mnafundishwa palepale halafu mnaambiwa chezeni. Kuigiza ndiyo usiseme. Niliigiza Krismasi moja kanisani, nilikuwa malaika, sikuwa na neno hata moja.

Kuna kitu kingine. Nikiwa kidato cha tatu nilijaribu kuingia kikundi cha sanaa cha shule. Mwalimu alinisikiliza mistari miwili akasema, "Sauti yako ni ya kujazia." Darasa lilicheka. Mpaka leo nikitaka kuimba peke yangu nalisikia neno lile.

La mwisho ndilo zito. Mama hajui. Kwake uigizaji ni uhuni. Binti wa jirani yetu aliwahi kwenda usaili wa filamu, wakamtoza hela, kisha wakamwita tena usiku kwenye gesti. Aligeuza njiani, lakini mtaa mzima ulijua. Sasa hivi nikifanya mazoezi namwambia mama ni mazoezi ya ziada ya kwaya. Nikichaguliwa, mazoezi yatakuwa kila jioni kwa miezi miwili, na hapo sitaweza kuficha.

Niende, Shangazi? Niimbe nini? Na mama nimwambieje?

Sauti ya Pili, Kimara


Marahaba, mwanangu.

Nenda. Nimelisema mwanzo ili lisikuzungushe tena. Umejaza fomu, una namba, una wiki tatu, na una miaka ya kwaya ambayo wengi watakaosimama pamoja nawe siku hiyo hawana.

Wimbo ndio unaokula nguvu zako, kwa hiyo nianze nao. Uache ule wa Kiingereza. Ni wimbo mzuri, lakini kila atakayekaa kwenye ile meza anaye mwenye wimbo masikioni, na ukifungua tu kinywa atakupima kwa yule. Halafu dakika yako nzima utakuwa unaisubiri noti moja. Nimekaa mara nyingi upande wa wanaosikiliza, na nakwambia kule kusubiri kunaonekana. Mabega yanapanda, macho yanaganda, maneno yote yaliyo kabla ya noti yanapita bila kusemwa. Ikitoka, tunafurahi kwamba imetoka. Ikikatika, tunakuonea huruma. Katika hali zote mbili hatujamwona mhusika.

Na mhusika ndiye anayetafutwa. Kwenye igizo la muziki mtu yuko ndani ya kisa, jambo limemfika, maneno ya kuongea hayamtoshi tena, ndipo anaimba. Akimaliza kuimba kuna kitu kimebadilika: ameamua kuondoka, au amesamehe, au ameona alichokuwa hakioni. Kwa hiyo tafuta wimbo ambao "mimi" anasema na "wewe", na ambao mwisho wake haufanani na mwanzo wake. Kipimo changu ni rahisi. Yachukue maneno ya wimbo, yatoe kwenye muziki, umwambie mdogo wako jikoni kama unayemsimulia jambo lako. Akiuliza, "Halafu ikawaje?", wimbo huo una kisa. Akiendelea kumenya vitunguu, tafuta mwingine.

Kwa kipimo hicho mwalimu wako wa kwaya amepatia nusu. Amepatia kwamba uimbe kitu kilichokwisha kukaa kinywani mwako. Ila nyimbo nyingi za kwaya zinasema "sisi", zinasifu au zinahubiri, na mhusika wa jukwaani anahitaji shida yake mwenyewe. Ukipata wimbo wa kwaya ambao ni sala ya mtu mmoja aliyebanwa, anayemuuliza Mungu maswali, huo chukua. Dada wa dukani naye usimpuuze. Tatizo la Bongo Fleva kwa kazi hii ni kwamba sehemu kubwa ya utamu imo kwenye biti, na ukibaki wewe na kinanda peke yake, kiitikio kinachorudiwa mara nne kitakuchosha kabla hakijawachosha wao. Zipo zenye beti zilizoandikwa vizuri, na ukichukua ubeti badala ya kiitikio unaweza kuwashangaza. Kwanza piga simu kwa waandaaji uulize kama wimbo wa Kiswahili unakubalika. Ukikubalika, usisite. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayobeba sauti. Tena utakuwa unaielewa kila herufi unayoiimba.

Nataka ujifunze kwa waimbaji wa taarabu, hata kama nyumbani kwenu haipigwi. Msikilize mwimbaji anayejua mipasho. Anajua anampasha nani, yule mtu alifanya nini jana, na anataka ajisikieje akifika nyumbani. Siti binti Saad, ambaye alirekodi sahani zake huko Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba mikasa na kesi za watu wa mjini Zanzibar, na wasikilizaji walijua anayesemwa ni nani. Hiyo ndiyo kazi utakayofanya Oyster Bay kwa dakika moja: kumwimbia mtu mmoja unayemjua.

Jaribu hivi. Tuseme wimbo wako una mstari "Usiende leo." Uimbe ukimwambia mama yako anayepanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na wewe unajua kuna jambo hujamwambia. Kisha uimbe ukimwambia mwanamume anayefunga begi huku amekugeuzia mgongo. Kisha umwambie mdogo wako anayepelekwa shule ya bweni kwa mara ya kwanza, na hutaki aone unalia. Noti ni zilezile. Pumzi itabadilika yenyewe, mwendo utabadilika, hata mikono yako ambayo huwa hujui uiweke wapi itapata kazi. Chagua mmoja kati ya watu hao, au wa kwako mwenyewe, na mpe jina. Jiulize amefanya nini sekunde moja kabla hujaanza kuimba, kwa sababu sekunde ile ndiyo inayokuanzisha. Usimwambie mtu yeyote uliyemchagua ni nani.

Sasa ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo wote unaimbiwa, juu au chini. Noti ya juu kabisa ya wimbo wako iwe ile unayoipata mara tano mfululizo asubuhi ukiwa umelala vibaya. Sauti inayokatika inakatika mahali ambapo sauti ya kifua inapokezana na sauti ya kichwa. Kivuko kile kinajengwa kwa mazoezi ya miezi, na mwalimu akiwa pembeni. Ukikilazimisha kwa wiki tatu utavimbisha nyuzi za sauti na utafika Jumamosi huna hata zile noti za chini ulizokuwa nazo. Shusha ufunguo. Hakuna jaji atakayekuuliza kwa nini hukuimba juu zaidi.

Kuhusu urefu, ukisikia watu wanasema bari 16 au bari 32, yaani vipande vidogo vya mapigo ambavyo wimbo umegawanywa, usitishike. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kwa kila bari, bari 32 ni kama dakika moja, na 16 ni nusu yake. Kata wimbo wako ufike hapo. Anzia karibu na mahali kisa kinapogeuka, usianzie mwanzo kwa sababu tu ndio mwanzo. Mpiga kinanda akupe bari moja ya kuingilia, basi.

Nota zisikuogopeshe, na hapa wewe una faida usiyoijua. Karatasi za kwaya zetu huandikwa juu kabisa "Do ni G" au "Do ni F", na ukitaka kushusha wimbo unahamisha do tu, mengine yote yanafuata. Mtu aliyejifunza hivyo anaelewa kuhamisha ufunguo kwa sikio. Ila mpiga kinanda wa Oyster Bay huenda hasomi do re mi, kwa hiyo mwombe mpiga kinanda wa kwaya yenu, au wa parokia yoyote wanaosoma mistari mitano, akuandikie sauti ya wimbo kwenye mistari na juu ya maneno aweke herufi za kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja: C, F, G7, na kadhalika, katika ufunguo wako ulioushusha. Mlipe, hata kama ni rafiki. Mwombe pia akurekodie kinanda peke yake kwenye simu, ndicho utakachofanyia mazoezi.

Halafu karatasi zenyewe, maana wewe unafanya kazi dukani na hili utalifanya vizuri kuliko wote. Zitoe fotokopi kubwa na nyeusi, zibandike kwa selotepu ubavu kwa ubavu ili zisimame wazi bila kufunuliwa. Usiziweke kwenye nailoni inayong'aa, taa ikiipiga mtu haoni kitu. Kwa kalamu nyekundu andika anapoanza, anaporuka, anapoishia. Mpiga kinanda anaiona karatasi yako kwa mara ya kwanza, na ana sekunde chache tu za kuielewa kabla ya kuanza kupiga. Kila utakachomrahisishia kinarudi kwako.

Niliahirisha kidogo yule mwalimu wa kidato cha tatu kwa sababu nilitaka nimjibu nikiwa nimetulia. Alikukosea. Hakuna mwalimu anayejua sauti ya mtoto wa miaka kumi na sita kwa mistari miwili, na darasa lililocheka lilimwiga yeye. Lakini tuliangalie neno lake kwa makini. Anayeimba sauti ya pili anasimama katikati ya watu wanaoimba noti nyingine, wa kwanza juu yake, wa tatu na wa nne chini yake, na haachi njia yake. Walimu wa kwaya mara nyingi huwaweka sauti ya pili wale wenye sikio kali, si kwa sababu hawafiki juu, ila kwa sababu wengine wakiwekwa pale watapotea. Kwenye igizo la muziki kuna nyimbo za kundi zima, sauti tatu au nne, huku watu wanacheza na kubadilishana nafasi. Mwongozaji akigundua una sikio hilo, anaandika alama karibu na jina lako. Kwenye fomu au mbele ya meza, wakikuuliza uzoefu, sema: "Ninaimba sauti ya pili kwaya tangu shule ya msingi, ninasoma do re mi." Sema kwa sauti kamili, bila kuongeza "tu" mwishoni.

Kitu kimoja ambacho kwaya haikukufundisha ni kusikika peke yako. Kwaya inakuzoesha kuichanganya sauti yako isijulikane, na makanisa yetu ya Dar yamejaa spika. Kule huenda hakuna maikrofoni. Usipige kelele. Weka simu mwisho wa chumba, au kwenye ukumbi wa kanisa mchana ukiwa mtupu, simama upande wa pili, imba, kisha sikiliza. Utakachokosa mara nyingi ni maneno, wala si ukubwa wa sauti. Zikaze konsonanti, zirefushe irabu, pumzi itoke chini ya mbavu.

Utunzaji wa sauti nitaupitia haraka. Mtu atakuletea mayai mabichi, mwingine tangawizi na ndimu. Tangawizi na asali kunywa ukipenda, zinapasha mwili, lakini ujue chochote unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinapita kwenye umio. Maji yanazifikia baada ya mwili mzima kunywa, kwa hiyo kunywa tangu jana yake na usisubiri mlangoni. Pipi za kuganzisha koo ziache, zinaficha maumivu na unaendelea kujiumiza. Kupasha sauti, vuma ukiwa umefunga mdomo, tetemesha midomo ukipanda na kushuka, au puliza mrija ndani ya glasi ya maji huku ukitoa sauti. Siku mbili za mwisho usiende kushangilia mpira.

Maneno ya mhusika: chukua mtu wa umri wako, anayetaka kitu sasa hivi kutoka kwa mtu aliye mbele yake. Watu hupenda kuchagua kilio na kupiga magoti. Mimi nafikiri kwako ingefaa kitu chepesi kidogo, chenye ujanja, ili wakiona wimbo wako una uzito waone na upande wa pili. Yafanyie kazi ileile ya "Usiende leo." Yakae kichwani mpaka uweze kuyasema ukifua.

Kucheza, ni kweli mtafundishwa palepale, kwa kawaida stepu chache zinazohesabiwa moja mpaka nane, kisha mtacheza makundi makundi. Hawategemei usafi wa mtu aliyejifunza mwezi mzima. Wanaangalia nani anashika haraka, nani akikosea anarudi kwenye hesabu bila kusimama, nani anacheza na uso wake. Anza na miguu, mikono utaongeza mara ya pili. Simama mstari wa kati ili uwe na watu mbele na nyuma yako wa kuangalia mkigeuka. Usijifiche nyuma kabisa. Kila jioni kuanzia leo fungua video moja ya stepu usiyoijua, ijifunze kwa dakika kumi, icheze, iache. Kesho nyingine. Unachokizoeza hapo ni kushika. Na viatu, vaa vile ambavyo umekwisha kuchezea, visiwe vipya.

Siku yenyewe panda mwendokasi mapema mpaka Morocco, kisha bajaji. Pasha sauti nyumbani, kwenye basi kaa kimya, maana kuongea juu ya kelele za gari kunachosha koo kuliko kuimba. Ukiingia ukumbini wasalimie wote, kisha nenda kwa mpiga kinanda kwanza. Mwonyeshe unapoanza na unapoishia, mwimbie mistari miwili kwa sauti ndogo ili aushike mwendo, usimpigie vidole. Mshukuru. Nenda katikati, taja jina lako na la wimbo, nyamaza kidogo umwone yule mtu wako amesimama juu kidogo ya vichwa vya majaji, kisha mtazame mpiga kinanda. Usiwaimbie majaji machoni, wanahitaji kuandika na wataona haya.

Ukisahau maneno, usiseme samahani, mhusika wako anaweza kukosa la kusema kama watu wote wanavyokosa, kinanda kinaendelea, ingia mstari unaofuata. Wakikukatiza kabla hujamaliza, usisome chochote hapo. Mara nyingi wamepata walichotaka, na foleni ni ndefu. Na wakikwambia, "Rudia, lakini safari hii una hasira," furahi sana. Wanajaribu kuona kama unaelekezeka. Usijieleze, usiulize hasira ya aina gani, badilisha alichokufanyia yule mtu sekunde moja kabla, uimbe.

Sasa mama.

Mwambie kabla ya usaili, wiki hii. Sisemi hivyo kwa adabu peke yake. Mama yako ana sababu ya kuogopa, na sababu hiyo iko mtaani kwenu ina jina na nyumba. Ukimwambia "si uhuni, mama", hujamjibu kitu. Mpelekee mambo anayoweza kuyashika mkononi: ukumbi uko wapi, saa ngapi unaanza na kuisha, nani mwenye kundi, kundi limesajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa au halijasajiliwa, mazoezi yatakuwa wapi na mnatoka saa ngapi, kuna nauli au malipo, mkataba utaandikwa au hautaandikwa. Hayo yote yaulize kwenye simu ileile utakayoulizia wimbo. Wakikasirika kwa maswali hayo, wamekusaidia kuamua, na hapo mimi mwenyewe nitakwambia usiende.

Kundi linalojiheshimu halikutozi hela ili likusikilize. Halikuiti peke yako usiku, wala kwenye chumba cha gesti au hoteli. Mtu akikutaka kimapenzi ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa. Namba ya TAKUKURU ni 113, kuipiga ni bure. Mwambie mama unayajua haya. Nadhani hilo litamtuliza kuliko maneno yoyote kuhusu kipaji chako. Unaweza kumwongezea kwamba sanaa za maonyesho zinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na pale Bagamoyo kuna chuo cha serikali kilichoanzishwa 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, ambako vijana wanasomea kuimba, kuigiza, ngoma na sarakasi mpaka stashahada. Kisha mwalike. Mwombe akusindikize Jumamosi, akae nje na mkoba wako. Mzazi aliyeliona jengo, akaona wasichana wenzako wamepanga foleni na vyupa vya maji, anajua zaidi kuliko aliyesimuliwa.

Akikataa kabisa, mtafute mtu anayemsikiliza. Mwalimu wako wa kwaya tayari anajua, na mama anamheshimu. Mwombe aje nyumbani Jumapili jioni. Lakini ile habari ya "mazoezi ya ziada ya kwaya" ikome leo, kwa sababu siku mama akiigundua mwenyewe, atakachokumbuka ni kwamba ulimdanganya, na hoja zako zote nzuri zitafika zimechelewa.

Wasipokuchagua, ujue wanapanga watu kwa mengi usiyoyaona: urefu, umri, sauti zinavyokaa pamoja, nani anafanana na nani kwa ajili ya mtu na dada yake. Waandikie ujumbe mfupi wa shukrani, uulize kama wana nafasi kwenye kundi la waimbaji au nyuma ya jukwaa. Kuna watu walioanza kwa kupanga mavazi na kuinua mapazia, wakajifunza igizo zima kwa kulisikia kila jioni. Na uende ukaangalie maonyesho mengine huku na huku: Little Theatre hapo hapo Oyster Bay, Nafasi Art Space Mikocheni, ngoma za Kijiji cha Makumbusho. Sasa hivi umewaona wengi zaidi kwenye simu kuliko kwenye jukwaa.

Wimbo uwe umeuchagua kufikia Jumapili hii, nota ziwe mkononi Jumapili inayofuata, na wiki ya mwisho uimbe mbele ya watu kila siku, hata kama ni wateja wawili wa fotokopi. Ukishachagua niandikie wimbo gani, do yake iko wapi, na mama alisema nini.

Shangazi